Karatasi Ndani ya Spika: Hotuba kwa Maprodyuza Vijana

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita jijini Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaotengeneza muziki. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na la maana.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyie mliotoka studio alfajiri ya leo mkaja moja kwa moja bila kulala, poleni sana, viti vya nyuma tumewaachia.

Wanangu, nianze na aibu yangu mwenyewe, ili nikiwasema baadaye msiseme mzee anajifanya malaika.

Miaka kumi na moja iliyopita alinijia studio mzee wa Kigogo, amebeba ilimba ndani ya kiroba. Mnaijua ilimba? Boksi la mbao, juu yake vyuma vimepangwa, unavipiga kwa vidole gumba. Lakini hii ya mzee ilikuwa na mambo mawili zaidi. Kwenye vyuma alikuwa amevisha vipete vidogo vya bati, na kwenye boksi kulikuwa na kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui. Akigusa chuma, unasikia noti, halafu juu ya ile noti kuna kitu kinavuma, zzzzz, kama nyuki ndani ya debe.

Nikamrekodi. Alipoondoka nikawasha kompyuta, nikafanya ile kazi mnayoifanya nyinyi kila usiku: nikasafisha. Nikakata mvumo, nikafuta makelele, noti zikabaki peke yake, tupu, zinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nilijipongeza, jamani. Kesho yake mzee akaja, nikamvisha hedifoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akazivua taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe cha chai ya ugenini. Akaniuliza: "Mwanangu, wale nyuki umewapeleka wapi?"

Mnacheka. Mimi sikucheka. Kumbe ule mvumo ndiyo nusu ya ala yenyewe! Ule utando aliubandika kwa makusudi, ukichanika anatafuta mwingine. Mimi nikadhani ni ubovu wa nyaya.

Ndiyo maana leo nimekuja kuwasimulia habari za Mmarekani mmoja aliyekutana na nyuki kama wale mwaka 1951, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, na yeye hakuwafukuza. Jina lake Sam Phillips. Wengi humu hamjawahi kumsikia, na si kosa lenu, maana jina la prodyuza huandikwa kwa herufi ndogo. Lakini Elvis Presley mmemsikia? Johnny Cash je? Jerry Lee Lewis? Howlin' Wolf? Wote hao walipita kwenye mlango mmoja, kwenye chumba kimoja, kidogo kuliko ukumbi huu.

Sasa, huyu mtu alitoka wapi?

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1923, karibu na Florence, Alabama, mtoto wa mwisho kati ya wanane. Wazazi wake walilima pamba kwenye ardhi ya kukodi, na pamba hiyo walivuna pamoja na Waamerika Weusi, mstari kwa mstari, jua lilelile. Watu hao walikuwa wakiimba shambani. Nyumbani kwao aliishi mzee mmoja Mweusi, kipofu, jina lake Silas Payne, naye alikuwa akimpakata Sam mdogo na kumsimulia habari za Afrika. Alimwambia kule Afrika kuna mto unaotiririka sharubati ya miwa, na miti inayozaa chapati za maji. Sisi tuliozaliwa huku huo mti bado tunautafuta. Lakini mtoto alisikiliza, na Sam hakumsahau mzee yule hata utu uzimani.

Alitaka kuwa wakili, awatetee watu wasio na mtetezi. Baba akafa, pesa hakuna, shule akaiacha. Akafanya kazi dukani, akafanya kazi kwa watu wa kuandaa mazishi. Halafu akaingia redioni. Mwaka 1945 akafika Memphis, kituo cha WREC, na kazi yake mojawapo ilikuwa kurusha hewani bendi kubwa zilizopiga juu ya paa la Hoteli ya Peabody. Kazi ya heshima, suti na tai. Na ilimchosha! Alisema wanamuziki wale walikuwa wamepiga nyimbo zilezile mara nyingi mno, wanageuza karatasi za noti tu kama makarani.

Lakini ndani ya kichwa chake kulikuwa na kitu kingine. Mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 16 safarini kwenda Dallas, alipita Memphis kabla ya mapambazuko, mvua inanyesha, akaiona Beale Street, mtaa wa Weusi, bado umechangamka saa ile. Hakuusahau. Basi Januari 1950 akafungua studio kwenye chumba kidogo cha kukodi, namba 706 Union Avenue, kama mita 5 na nusu kwa 10, akakiita Memphis Recording Service. Vigae vya kunyonya sauti waliviweka kwa mikono yao, yeye na mwenzake wa redioni, Bi. Marion Keisker. Ofisi hapakuwa. Mikataba aliijadili kwenye meza ya mgahawa wa jirani. Na kaulimbiu yake ilikuwa: tunarekodi chochote, popote, wakati wowote. Harusi alirekodi. Misiba alirekodi. Mnaona? Na nyinyi mnaoona haya kurekodi matangazo ya duka la mabati, tulieni.

Mchana WREC, usiku studio. Mwili ukakataa. Akalazwa hospitali, akatibiwa kwa umeme wa kichwani, matibabu ya wagonjwa wa akili ya zama zile. Kazini wenzake wakamkejeli kwa kushinda na watu Weusi. Mwaka 1951 akaacha kazi ya mshahara, ilhali ana mke na watoto wawili nyumbani. Sisemi na nyinyi muache kazi. Wazazi wenu wamo humu.

Haya. Twende kwenye nyuki.

Machi 1951. Kijana mmoja wa Clarksdale, Mississippi, anaitwa Ike Turner, ana miaka 19, amepakia bendi yake kwenye gari, wanakuja Memphis kurekodi. Njiani amplifaya ya gitaa ikapata ajali. Wengine husema ilidondoka kutoka juu ya gari, wengine husema mvua iliiingia. Tuache wabishane. Walipoifungua pale studio, spika imechanika. Ukipiga gitaa inakoroma: zzzzz.

Sasa niulize. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Wewe hapo wa fulana nyekundu. (Kijana akajibu: "Nawaambia warudi kesho na amplifaya nzima.") Umejibu vizuri, na umeshapoteza wimbo!

Sam Phillips alichukua karatasi, akaikunjakunja, akaisokomeza ndani ya spika ili ile ngozi iliyochanika ishike. Akasikiliza. Akasema, mbona inatoka kama saksafoni? Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike hotuba hii: badala ya kulificha lile gitaa nyuma ya vyombo vingine, akalivuta mbele. Kibovu kikapewa kiti cha mbele! Wimbo ule ni "Rocket 88", sifa za gari la Oldsmobile, sauti ya Jackie Brenston. Kampuni ya Chess ya Chicago ikautoa, ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa Weusi, na mpaka leo wapo wanaouita wimbo wa kwanza wa roki. Mimi hilo la "wa kwanza" silishabikii, muziki hauna cheti cha kuzaliwa. Ninachojua ni kwamba ule mkoromo leo unauzwa. Kuna vidude vya kukanyaga kwa mguu, watu wanatoa laki kadhaa, kazi yake ni kufanya spika nzima ilie kama iliyochanika.

Na karatasi ilirudi tena studio ile, miaka michache baadaye. Johnny Cash alikuja na wenzake wawili, gitaa na besi, ngoma hawana. Kwenye "I Walk the Line", mwaka 1956, Cash alichomeka karatasi katikati ya nyuzi za gitaa lake, akawa anakwaruza, chaka-chaka-chaka, ikasikika kama ngoma ndogo inapigwa kwa fagio. Prodyuza mwingine angetafuta mpiga ngoma. Huyu aliiacha karatasi.

Utando wa buibui, karatasi kwenye spika, karatasi kwenye nyuzi. Mababu wa Waamerika Weusi, waliovukishwa bahari kwa minyororo, walitoka kwenye bara ambalo ala nyingi huvumishwa makusudi, kwa vipete, kwa shanga, kwa utando. Je, Sam aliyajua hayo? Sidhani. Lakini sikio lake lililelewa shambani na wajukuu wa watu hao. Lilipousikia mvumo, halikushtuka.

Na kuna lile la mwangwi. Mnapobonyeza kitufe kilichoandikwa "slapback" kwenye programu yenu, mjue mtu alikihangaikia. Sam alikuwa na mashine mbili za tepu, za Ampex. Sauti ilipita kwenye mashine ya pili, na kwa kuwa kichwa kinachorekodi na kichwa kinachosoma viko mbalimbali kidogo, sauti ilirudi imechelewa sehemu ndogo tu ya sekunde. Akaichanganya na ile ya kwanza. Chumba kidogo kikasikika kikubwa, na mtu mmoja mwenye gitaa akasikika kama ana kijiji nyuma yake.

Sasa twende kwenye mlango. Nani anaingia studio yako?

Mwaka 1953 walimletea wafungwa. Kweli kabisa, wafungwa watano kutoka gereza la Nashville, kundi la The Prisonaires, wamesindikizwa na walinzi, wakarekodi na kurudishwa jela. Msimu ule ule wa joto akaingia kijana wa miaka 18, anataka kujilipia mwenyewe, kama dola 4, arekodi santuri moja tu. Bi. Marion akamuuliza, unaimba kama nani? Akajibu haimbi kama mtu yeyote. Marion akaandika kwenye karatasi kwamba ni mwimbaji mzuri wa nyimbo za taratibu, tumweke akiba. Jina la kijana: Elvis Presley.

Angalieni hapo. Aliyeandika jina ni nani? Ni yule mwanamke wa mapokezi, ambaye kwa kweli ndiye aliyeiendesha ofisi nzima. Kama una dada pale studio anayepokea simu na kununua vocha, muulize anamsikia nani. Usimwite mhudumu. Muulize.

Ikapita karibu mwaka. Tarehe 5 Julai 1954, Jumatatu jioni, Sam akamweka Elvis na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Wakaimba za taratibu. Hamna kitu. Wakarudia. Hamna kitu. Tunazijua hizo siku, si ndiyo? Feni inazunguka, mwimbaji amenuna, umeme unakaribia kukatika. Wakapumzika. Wakati wa kupumzika Elvis akaanza kuchezacheza, anarukaruka na wimbo wa zamani wa Arthur "Big Boy" Crudup, "That's All Right". Bill akadaka besi, naye anafanya mzaha. Scotty akaingia. Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa wazi. Sam akachungulia: mnafanya nini? Wakamjibu hata wenyewe hawajui. Akawaambia: rudini nyuma, tafuteni pa kuanzia, mpige tena.

Hiyo ndiyo kazi ya prodyuza, wanangu. Hakuandika noti, hakupiga chombo, hakuimba. Mlango ulikuwa wazi na masikio yalikuwa wazi, saa ya mapumziko, wakati sisi wengine tumetoka nje kununua mihogo.

Siku chache baadaye mtangazaji Dewey Phillips, ambaye na Sam hawana undugu, akaupiga redioni tena na tena, simu zikamiminika. Wakamtafuta kijana, kumbe kajificha sinema kwa aibu. Dewey akamuuliza hewani amesoma shule gani. Swali la kijanja! Shule zilikuwa za ubaguzi, kwa hiyo akitaja shule, wasikilizaji wanajua ni Mweupe. Kwa sauti walikuwa hawajajua.

Na hapa lazima niseme jambo chungu, maana sikuja kumvisha mtu kilemba cha ukoka.

Kabla ya Elvis, waliobeba studio ile walikuwa Weusi. Sam alipoanzisha lebo yake, Sun, mwaka 1952, wimbo wake wa kwanza kuvuma ulikuwa wa Rufus Thomas, "Bear Cat", mwaka 1953. Howlin' Wolf, ambaye Sam alimhesabu kuwa mkubwa kuliko wote aliowahi kurekodi, alihamia Chicago. Elvis alipotoboa, Sam akawageukia vijana Weupe: Carl Perkins, Cash, Jerry Lee. Rufus Thomas alisema wazi mpaka uzeeni: tulikuwa chanda na pete, hao walipokuja akatukata. Sam alijitetea kwamba redio na maduka ya Kusini yalikuwa yamefunga milango kwa sauti za Weusi, na alitafuta njia ya kuuvusha muziki ule. Mimi nawaamini wote wawili, na nadhani Rufus ndiye aliyeumia. Na Crudup, aliyeutoa "That's All Right" miaka minane kabla ya Elvis? Alikufa mwaka 1974 bado anadai mirabaha yake.

Nani humu ana mkataba wa maandishi na kila msanii aliyemrekodi? Nyosheni mikono juu. (Mikono minne.) Mikono minne. Tutaongea baada ya chai.

Kwa sababu pesa nayo ina hadithi. Novemba 1955 Sam alimuuza Elvis kwa kampuni ya RCA, dola 35,000, na juu yake 5,000 za kumlipa Elvis mirabaha aliyokuwa anamdai. Kila mtu humwita mjinga kwa hilo. Hebu tupige hesabu ya mtu mdogo. Wimbo ukivuma, unatakiwa uchapishe santuri nyingi, na kiwanda kinataka pesa sasa hivi. Wasambazaji watakulipa baadaye, wakijisikia. Kwa hiyo kadiri wimbo unavyovuma ndivyo unavyozama kwenye madeni! Juu ya hapo alikuwa ameshashtakiwa na kushindwa kwa sababu ya "Bear Cat", uliofuata mno wimbo wa wenyewe. Akauza mmoja awalishe waliobaki. Mwezi uliofuata Carl Perkins akarekodi "Blue Suede Shoes", na ndio uliokuwa wimbo wa kwanza wa Sun kuuza nakala milioni moja. Mjinga wenu huyo.

Huyo Carl ndiye aliyesimulia kwamba siku moja alikosea kwenye kurekodi, akamwambia Sam, bwana, hii ni mbaya, turudie. Sam akasema hiyo ni ya asili yako. Carl akasema, ni kosa kubwa la asili yangu! Sam akamjibu: basi ndivyo Sun ilivyo, ndivyo sisi tulivyo.

Mengine nipite haraka. Jerry Lee Lewis mwaka 1957 aligoma katikati ya kazi akihubiri kwamba muziki huu ni wa shetani, wakabishana naye juu ya wokovu, na tepu ikawa inazunguka muda wote, maana Sam hakuwa mtu wa kuzima tepu. Oktoba 1955 alifungua kituo cha redio, WHER, watangazaji wake wanawake. Aliwekeza mapema kwenye hoteli za Holiday Inn, na huko alipata utajiri ambao muziki haukumpa. Mwaka 1969 akaiuza Sun. Alifariki tarehe 30 Julai 2003, na kesho yake kile chumba cha 706 Union kikatangazwa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani. Alikosa siku moja tu.

Nimebakiza dakika tano, kaka mshereheshaji ananikonyeza.

Yule mzee wa ilimba. Hakukasirika, aliagana nami vizuri. Lakini bahati nzuri rekodi ya kwanza, ile chafu, sikuwa nimeifuta. Nimekuja nayo. Haijawahi kutoka popote. Mwanawe amenipa ruhusa kwa maandishi, karatasi ninayo mfukoni hapa, mkitaka kuiona.

Naomba mzime feni zote mbili. Na hiyo simu pia. Kijana wa mitambo, usiguse kitu chochote kwenye mixa, acha vitufe vyote vilipo. Mtasikia kwanza mzee anakohoa, halafu kiti kinalia, halafu nyuki.

Haya, weka.